Kadi ya Mmea wa Mlangoni

Siku niliyokabidhi funguo za makumbusho ya chuo, Fortunata aliniambia, "Bibi Skola, andika. Wewe unakumbuka jina la kila mtu aliyepita humu. Sisi tutafanya kazi hatujui hata tulimrithi nani." Fortunata ni binti anayesomea mimea hapo chuoni, na sasa ndiye anayewatembeza wageni. Nikamwambia mimi niliishia darasa la pili, kuandika kwa kunyoosha nimejifunzia ukubwani kwenye kisomo, kwa Mwalimu Leokadia aliyekuwa anapiga meza na rula. Akasema, "Hivyo hivyo, Bibi." Basi naandika hivyo hivyo. Mkiona mahali nimechanganyikiwa, msidhani ni uzee. Nilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa nimeshika ufagio, na mtu mwenye ufagio haulizwi anaelewa nini.

Niliajiriwa kufagia. Jengo lilikuwa jipya, Sumbawanga, upande wa kuelekea Mollo, nyuma yake uwanja mtupu ambao baadaye ulikuja kuwa bustani. Nilipofungua mlango asubuhi ile nikakutana macho na chui. Alikuwa amekaushwa, macho ya kioo, lakini hakuna aliyeniambia. Nikafunga mlango, nikapiga hodi. Siku tatu mfululizo nilipiga hodi kabla ya kuingia, na siku ya nne nikaacha kupiga hodi lakini salamu sikuacha. Nyuma ya chui kulikuwa na makabati, na kwenye droo za makabati ndege wamelala chali, wamejipanga, kila mmoja ana kikaratasi kimefungwa mguuni kwa uzi. Nikajiuliza watu gani hawa wanaoweka matanga ya ndege na hawaziki. Hilo nililielewa baadaye. Nusu yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la wiki ileile. Mezani nilikuta magazeti ya zamani, rundo, ndani yake majani makavu yamesagika sagika. Mimi niliajiriwa kuondoa uchafu. Nikayabeba yote mpaka shimo la taka. Nilikuwa natafuta kiberiti nilipomwona mwanamume mwenye miwani anakuja mbio, koti linapepea, akajitupa ndani ya shimo na viatu vyake.

"Mama! Umeua kazi ya mwaka mzima!"

"Baba, ni majani tu na gazeti."

"Majani tu!" alisema, amekaa shimoni, ameyakumbatia. "Majani tu, anasema."

Huyo ndiye alikuwa Mwalimu Oresti. Hakuwa mwalimu wa darasa, alikuwa fundi wa mimea mikavu, mtu wa Iringa, lakini wote tulimwita mwalimu kwa sababu hakuweza kukaa na mtu dakika tano bila kumfundisha kitu. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alinikalisha mezani tukapanga upya majani yale siku nzima, na jioni, ameshajua jina la mwanangu, akasema, "Mama Didas, una mikono isiyotetemeka. Ufagio tutautafutia mtu mwingine." Ufagio hawakuutafutia mtu mwingine. Nilifanya vyote viwili mpaka nastaafu.

Nawaandikia kazi yenyewe, maana naona siku hizi mnapiga picha mnaondoka. Unachimba mmea na mizizi yake, unakung'uta udongo, unaulaza kwenye gazeti ukiwa bado haujanyauka. Jani moja ligeuze tumbo juu, ili anayetazama aone pande zote. Unafunika, unaweka boksi lililokatwa, gazeti jingine, boksi, mpaka rundo linafika gotini, halafu unabana kati ya mbao mbili na mikanda, unakaza kama unafunga mzigo wa baiskeli ya mahindi. Kila asubuhi unabadilisha magazeti. Masika ukiacha siku moja tu ukungu umeshakula. Nilisoma habari nyingi sana za dunia kwa namna hiyo, zote zimechelewa.

Mmea ukikauka, unagandishwa kwenye friza siku kadhaa ili wadudu wafe. Tulikuwa na friza kubwa kuliko ya bucha yoyote mjini Sumbawanga na ndani yake hamkuwa na nyama hata ya kuonja. Halafu unashonewa na kugundishwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni inakaa kadi. Kadi inaandikwa kwa penseli, kamwe si kwa kalamu, kwa sababu wino ukilowa unakimbia na penseli haikimbii. Kadi ina jina la kisomi, jina la wenyeji, mahali ulipotoka, nani aliuchuma, nani alitaja jina.

"Kadi ndiyo mmea wenyewe," Mwalimu Oresti alikuwa akisema. "Mmea usio na kadi ni kuni."

Ila jambo moja lilinishinda. Siku moja alikuja na barua, akatoa kadi nyingi kabatini, akaanza kuandika majina mapya. Nikauliza kuna nini. Akasema wasomi huko ng'ambo wamekaa wameona ile mimea si ya ukoo ule, ni ya ukoo mwingine, kwa hiyo jina limebadilika.

"Mmea wenyewe umebadilika?"

"Hapana, Mama Didas."

"Umekosa nini sasa?"

Alivua miwani, akaifuta, akavaa. "Haujakosa kitu. Sisi ndio tulikuwa hatujui."

"Na lile jina la zamani mnalifuta?"

"Hatufuti kamwe. Unapiga mstari mmoja, jina la zamani libaki linasomeka. Chini yake unaandika jipya, na jina lako wewe uliyesahihisha. Ili kesho mtu ajue nani alikosea na nani alirekebisha."

Niliona ni adhabu kali, kosa la mtu kukaa kabatini milele na jina lake pembeni. Sikujua naambiwa habari zangu mwenyewe.

Kwa sababu Mwalimu Oresti hakujua Kifipa, lugha ya huku kwetu, na mimi nilikua nikilima ulezi kwenye nyika hizi, alianza kunichukua porini. Tulikwenda na gari la chuo, dereva wetu Sabasi, mtu mpole aliyekuwa anasinzia kila tukisimama. Mwisho wa kiangazi, moto ukishapita kwenye nyasi, nyika inakuwa nyeusi yote, na kabla ya mvua ya kwanza vinatoka vijimea vifupi kutoka kwenye majivu, maua kwanza, majani baadaye. Sisi tunavijua tangu utoto. Mwalimu Oresti aliviona mara ya kwanza akapiga magoti kama yupo kanisani.

Tulikuwa upande wa Mwimbi. Alikuwa amechimba kimoja, ua la zambarau, mzizi mnene kama mkono wa mtoto. Akatoa kadi na penseli.

"Mama Didas, huu wenyeji wanauitaje?"

Nikainama kufuta udongo kwenye mzizi.

Niwaeleze, maana wengine mmekulia mjini. Katika nyumba niliyoolewa, mke wa mtoto anamsalimia baba mkwe kwa kupiga goti, na jina lake halitamki. Awe yupo, awe shambani, awe amekufa. Na kama jina lake ni jina la kitu, kitu kile mke anakitafutia jina lingine. Mama mkwe wangu alinifundisha siku ya pili tu baada ya harusi, kabla hata hajanionyesha kisima. Na baba mkwe wangu alikuwa amepewa jina la mmea ule, kwa sababu mama yake alishikwa na uchungu akiwa anauchimba. Sisi wake watatu wa wanawe tuliuita "wa mlangoni", kwa kuwa mizizi yake ilikuwa inaning'inizwa juu ya mlango wa jikoni ikauke, tuwachemshie watoto wenye kikohozi. Kifipa chake sikiandiki hapa, msije mkakishika tena mkadhani ndilo jina la mmea.

"Mama Didas? Huujui?"

Kusema siujui ningeona aibu. Kueleza habari za mkwe mbele ya Sabasi, ambaye siku hiyo hakuwa amesinzia, niliona aibu zaidi. Nikasema kwa Kifipa, "Wa mlangoni." Akaandika. Chini akaandika jina langu kamili, Skolastika, kwamba ndiye aliyetaja. Ilikuwa mara ya kwanza jina langu kuandikwa mahali pasipokuwa hospitali wala kanisani. Nilifurahi. Hilo nalo naliungama.

Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho yake tulikuwa tunabadilisha magazeti, akasema, "Kadi haisemi uongo, ndiyo maana naipenda kuliko watu." Nikaendelea kugeuza magazeti. Baada ya hapo kila mwaka ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi.

Bustani ilianza wakati huo. Tulileta mimea ya nyika tukaipanda kwenye matuta, kila tuta na kibao chake. Wa mlangoni tuliupanda tuta la saba. Ulitoa majani, maua haukutoa. Mwalimu Oresti alimwagilia, akaweka samadi, akauombea dua. Nikamwambia, "Mwalimu, huu unasubiri moto." Akacheka. Mwaka wa tatu hakucheka tena. Asubuhi moja tulitandaza nyasi kavu juu ya tuta la saba, nikawasha. Mlinzi wetu Didimo akaja mbio na ndoo mbili, akatuzima sote, moto na sisi. Mkuu wa idara alituita akauliza kwenye bustani ya chuo moto unatafuta nini. Mwalimu Oresti, maji yanamchuruzika, akajibu, "Maua." Wiki kadhaa baadaye yakatoka, zambarau tupu. Sikumbuki siku nyingine tulikuwa na furaha vile. Moto haukuruhusiwa tena, na maua hayakutoka tena.

Wageni nao niwataje. Darasa la kwanza kuja lilitoka shule moja ya Mollo, mwalimu wao Kristina, na mtoto aliyelia kwa ajili ya chui aliitwa Anjela. Sasa ana watoto wanne. Mzee Vitalisi alikuja na fimbo akamkaripia fisi aliyekaushwa, kwamba huyu huyu ndiye aliyemla mbuzi wake, akatoka ameridhika. Mama mmoja kutoka ziwani, Bi Zaituni, muuza dagaa, alitazama samaki kwenye chupa kwa muda mrefu halafu akaniuliza kwa huruma, "Dada yangu, hawa mmewakosea chumvi?" Watu waliniuliza vitu ambavyo sikujua, na wasomi waliniuliza vitu ambavyo nilidhani kila mtu anajua, na sijawahi kuelewa mpaka leo ni kipi kati ya hivyo viwili kinaitwa elimu.

Mwalimu Oresti alistaafu, akarudi Iringa, akafariki huko. Nilimlilia jikoni peke yangu. Kabati lake nililifunga mimi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikubali kuandika. Miezi miwili baada ya kustaafu nilirudi kama mgeni. Mlangoni walinipa kitabu cha wageni, kitabu ambacho nilikuwa nakifuta vumbi kila siku sijawahi kukiandika. Jina, unatoka wapi, kazi. Kwenye kazi nilisimama na kalamu mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Nikaandika "mgeni".

Fortunata alikuwa anatembeza kikundi. Aliponiona akaja. "Shikamoo, Bibi! Ungana nasi, leo usishike kitu, ni wewe wa kuhudumiwa." Nikafuata nyuma. Ajabu kuona nyumba uliyoifagia ikisimuliwa na mtu mwingine. Chui akawa mdogo. Tukatoka bustanini, tukafika tuta la saba.

"Na huu hapa," Fortunata akawaambia wageni, "una habari ya kusikitisha. Kadi yetu ya zamani ina jina lake la Kifipa. Nimezunguka vijiji, nimeuliza wazee kwa jina hilo, na picha ya mmea wetu mkavu nikawaonyesha. Hakuna anayeujua. Mzee mmoja Mwimbi alisema anaujua, unatibu mgongo, lakini nilipomwomba anipeleke ulipo akanipeleka kwenye mti wa mparachichi."

Wageni wakacheka.

"Kwa hiyo kwenye kitabu changu cha kumalizia masomo nimeandika kuwa wenyeji wameusahau. Wiki ijayo tunapaka kibao kipya: jina la wenyeji limesahaulika."

Nilishika kibao cha tuta. Lile la wa mlangoni lilijulikana na wanawake watatu tu duniani, wawili wamekufa, nimebaki mimi. Na ile picha, mmea mkavu wa kahawia, hata mimi ningesema ni tumbaku. Wamesahau! Mmea ambao kila mwaka, majivu yakiwa bado ya moto, kila mama wa Mwimbi anauchimba.

"Bibi, vipi? Kizunguzungu?"

"Jua tu, mwanangu," nilisema. Hapakuwa na jua, Sumbawanga ilikuwa na baridi ya kutosha watu wote kuvaa makoti.

Usingizi nyumbani ulinipa taabu. Nikimwambia jina la kweli, itabidi nilitamke. Nisipomwambia, mkwe wangu anaandikwa kibaoni kuwa amesahaulika, na mimi ndiye niliyemsahaulisha kwa kumheshimu. Jambo la namna hiyo linatokeaje? Nilitaka kumuuliza padri, nikaona ataniuliza na mengine. Nikapanda basi kwenda Mwimbi kwa wifi yangu Gaudensia, mtoto wa kwanza wa mzee yule, aliyeolewa huko kabla sisi wake hatujaja. Yeye kulitamka anaruhusiwa, ni baba yake.

Alikuwa anapepeta ulezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo umesimama hewani. Kisha akacheka mpaka akaketi chini.

"Wifi! Yule binti alifika hapa! Akaniuliza jina lile, kwa matamshi yake nikadhani ni la Kizungu. Akanionyesha majani makavu nikamwambia, mwanangu, hii kaulize wavuta tumbaku."

"Basi mpigie simu umtajie wewe."

"Nimtajie mimi? Kwenye kadi imeandikwa Gaudensia?"

"Wifi, unajua siwezi kutamka."

"Mdomo wako ulifungwa na mama, sawa, na mimi siufungui." Akaanza tena kupepeta. "Mkono ulifungwa na nani? Mama hata hakujua kuandika."

Sijui kama ni kweli. Sijui mpaka hivi ninavyoandika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nautazama mkono wangu kama wa jirani. Mama mkwe alisema usitamke, hakusema usiandike. Lakini aliyekataza hakujua kama kuna kuandika, na mimi nikitumia asichokijua, je, si ndiyo ujanja wa mtoto anayeiba sukari kwa kijiko kwa kuwa alikatazwa kidole? Upande mwingine, kibao kilikuwa kinapakwa rangi Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Fortunata kwenye chumba cha makabati. Nikamwambia atoe kadi ya tuta la saba, aniletee na penseli. Nilimweleza yote nimesimama. Nilitegemea ataniuliza kwa nini nilinyamaza miaka yote hiyo. Hakuuliza. Alisema polepole, "Kwa hiyo hawajausahau."

"Hawajausahau. Nenda na ua, usiende na picha. Nenda moto ukishapita."

"Na nimeshaandika sura nzima, Bibi."

"Piga mstari mmoja," nilimwambia.

Kadi ile ilikuwa na mwandiko wa Mwalimu Oresti, umeinama kidogo kama yeye. Nikauliza kama tunaweza kufuta, nilijua jibu. Fortunata akatikisa kichwa. Nikapiga mstari mmoja juu ya wa mlangoni, nikahakikisha linasomeka. Chini yake nikaandika jina la baba mkwe wangu, herufi moja moja, kama kwenye kisomo. Mkono ambao Mwalimu Oresti alisema hautetemeki ulivunja ncha ya penseli mara mbili, nikaichonga. Na pembeni, amesahihisha: Skolastika. Sasa nipo mara mbili kwenye kadi moja, juu nimekosea na chini nimerekebisha. Hapa sitaliandika tena. Kabati la tatu, droo ya chini, mkasome wenyewe.

Fortunata akainamia kadi. Binti huyu anatoka Kagera, Kifipa anakitafuna kama mfupa. Akalisoma kwa sauti. Akakosea, akarudia. Mara ya tatu akalipata sawasawa, jina zima, kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenye nyumba kutoka uani.

Nyumbani kwa mkwe, jina hilo likiitwa hivyo, maana yake mzee anakuja, na mke wa mtoto anajua la kufanya. Sikufikiri. Nilijikuta goti langu liko chini, kwenye sakafu ile niliyoisugua mwenyewe, penseli bado mkononi, nimeinamisha uso.

"Bibi! Umeanguka?"

"Sijaanguka," nilimwambia. "Nasalimia."